Pateni ya Mama Nembo

Ndege alikuwa na bawa moja. Kwa mara ya tano asubuhi ile skrini iliganda palepale: bawa la kushoto limekamilika hadi unyoya wa mwisho, la kulia halijaanza. Kikatokea kile kisanduku cha kijivu chenye maneno yaleyale, kumbukumbu haitoshi, na Mama Nembo alipobonyeza palipoandikwa sawa, programu ikajifunga na kazi ya saa nzima ikapotea.

"Limekufa tena?" mama mkwe wake aliuliza kutoka kwenye kochi, alikokuwa akichambua vifungo kwa rangi.

"Halijafa, mama. Limechoka."

"Hata mimi nimechoka, mbona nafanya kazi?"

Mama Nembo aliifungua programu upya. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na vitu vingi kuliko nafasi: mashine ya kudarizi dirishani, cherehani mbili za kawaida, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa hadi karibu na dari, na kwenye kona ile kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, sipiyu yake ikikohoa chini ya meza. Kompyuta ndiyo iliyotengeneza mchoro na kuupeleka kwa waya kwenye mashine, mashine ikadarizi. Bila kompyuta, ile mashine ilikuwa meza ya bei mbaya ya kuwekea vikombe vya chai.

Majirani walimwita Mama Nembo kwa sababu ya kazi yake ya nembo za mashati, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Safari hii nembo zilikuwa za chuo cha wauguzi: taa, na juu yake ndege aliyekunjua mabawa mawili. Zilitakiwa themanini, Ijumaa saa nane mchana, kabla ya mahafali ya Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Afisa ununuzi wa chuo alikuwa amesema waziwazi kwamba hilo ni jaribio, tena alisema huku akimtazama mume wa Mama Nembo, aliyekuwa amekuja kubeba mzigo tu. Wakifaulu, wanapewa sare na nembo za mwaka mzima. Wakichelewa hata kwa saa moja, kazi yote inakwenda kiwandani, na wasijisumbue kurudi. Nyumba nzima, pamoja na dawa za presha za mama mkwe, ilikuwa ikila kutoka kwenye chumba hicho cha mbele.

Mama Nembo alimpigia simu jamaa aliyemuuzia kompyuta.

"Ramu yako, hiyo kumbukumbu ya kompyuta, ni ndogo," jamaa alisema. "Una giga mbili, na programu mpya inataka zaidi. Nunua kijiti cha giga nne ukichomeke kwenye nafasi iliyo wazi. Lakini angalia, mama, hivyo vijiti vina vizazi. Cha kizazi cha nne hakikai kwenye kompyuta ya kizazi cha tatu. Chomoa kilichomo, nenda nacho dukani, wakupe cha aina hiyohiyo."

Alizima kompyuta, akafungua sipiyu, akakichomoa kijiti. Kilikuwa kibao chembamba cha kijani, kirefu kidogo kuliko kiganja, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa imefutika maandishi yote. Kukipeleka dukani kulimaanisha kompyuta ilale siku nzima, na mchana huo kulikuwa na makoti kumi na mawili ya madaktari yanayongoja majina, kazi nyepesi ambayo kompyuta iliimudu. Kwa hiyo alifanya kile anachofanya fundi wa nguo mteja anapotaka gauni linalofanana na lake lakini hataki kuliacha. Alikilaza kijiti juu ya karatasi ya kaki, akakichora pande zote, akakata pateni, yaani kiolezo cha karatasi.

Kwenye ukingo wa chini, wenye meno ya rangi ya dhahabu, palikuwa na pengo dogo ambalo halikuwa katikati kabisa. Mtu mwingine angelipita. Fundi wa nguo halipiti pengo, maana naye hukata vipengo pembeni mwa kitambaa ili mkono ujue unakutana wapi na bega, na visipokutana, nguo hiyo ivaliwe na mtu aliyepinda. Alilipima mara mbili kwa futi yake ya kupimia nguo, akaandika milimita zake. Ni baada ya kumaliza ndipo alipoona alichokifanya: mkono uliokata vitambaa miaka ishirini ulikuwa umeacha akiba ya mshono kuzunguka pateni yote, ikatoka pana kuliko kijiti kwa unene wa kidole kila upande. Alicheka peke yake, akakoleza kwa wino mwekundu mstari wa ndani, pale kijiti chenyewe kinapoishia.

Aliyetumwa dukani alikuwa mumewe, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kusema hajui. Umweleze habari ya injini, ya figo au ya mirathi, atatikisa kichwa na kusema sawasawa. Ndiyo maana mtaani jina lake likawa Sawasawa.

"Usiitikie kitu," mkewe alimwambia, akiikunja pateni mara nne na kuichomeka pini yenye kichwa cha buluu. "Mpe karatasi hii. Aweke kijiti juu ya mstari mwekundu. Pengo likae juu ya pengo. Lisipokaa, toka."

"Sawasawa," alisema mumewe.

*

Alirudi saa kumi alasiri, ana kipakiti kinachong'aa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Kipya kabisa," alisema. "Giga nne, kizazi cha nne. Amesema ndicho bora kuliko vyote dukani."

Mama Nembo alikuwa akimalizia koti la mwisho na hakusikia vizuri, la sivyo angesimama palepale. Alipozima kompyuta na kugeuka, mume alikuwa ameshapiga magoti, kichwa ndani ya sipiyu, akisukuma kwa vidole gumba vyote viwili.

"Kinagoma kidogo. Amesema kinataka nguvu."

"Kigonge kwa kisigino cha kiatu," mama mkwe alishauri.

"Toa mkono wako," alisema Mama Nembo. "Toa taratibu."

Alikichukua kijiti kipya, akachomoa na kile cha zamani, akavisimamisha pamoja mbele ya dirisha. Vilikuwa na urefu mmoja na kimo kimoja, mtu angeapa ni mapacha. Lakini pengo la kipya lilikuwa limesogea kuelekea katikati kwa kadiri ya punje mbili za mchele, na kando yake meno mawili matatu yalikuwa yamechubuka.

"Ile karatasi iko wapi?"

Sawasawa alijigusa mfuko wa shati. Akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na pini ilikuwa palepale alipoichomeka yeye, kichwa cha buluu kikitazama juu.

"Palikuwa na watu wengi," alisema. "Vijana wanaongea maneno ya kompyuta. Sasa mimi nitoe karatasi ya kaki yenye pini."

"Uliona haya."

"Niliona haya."

"Haya ya karatasi, au haya yangu mimi?"

Mumewe alifunga kipakiti, akakifungua, akakifunga tena. Hilo lilimuuma Mama Nembo kuliko bei ya kijiti.

Walipiga simu dukani. Mwenye duka alijibu kwa sauti iliyojaa chumba. "Mzee, meno yamechubuka? Basi mmelazimisha, kimeharibikia mikononi mwenu. Halafu kilichouzwa hakirudishwi, imeandikwa ukutani. Nani alikichomeka?"

"Mimi," alisema Sawasawa.

"Siku nyingine mambo haya mwachieni mafundi."

Simu ikakatika. Mama Nembo alilitafuna neno hilo la mafundi. Hasira ilimpanda, ile ya baridi, inayomfanya mtu apange vitu vyake vizuri. Alirudisha kijiti cha zamani, akafunga sipiyu, akakaza skrubu moja baada ya nyingine.

"Kesho asubuhi unabeba hii," alimwambia mumewe.

"Sipiyu nzima?"

"Nzima."

"Mtapita barabarani na lisanduku hilo?" aliuliza mama mkwe. Kisha alivuta kutoka kwenye robota kipande cha kitambaa cha buluu bahari. "Basi lifungeni na kitu cha maana. Mkienda kugombana, msiende na fundo baya."

*

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kioo cha kaunta na rafu za nyaya hadi juu. Kweli ukutani iliandikwa kwa herufi nyekundu kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Wateja watatu walikuwa mbele yao. Zamu yao ilipofika, mwenye duka, mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alizungumza na mume kupitia juu ya kichwa cha mke.

"Mzee, si tuliongea jana?"

"Mliongea, na mimi nilisikia," alisema Mama Nembo. Akamgeukia mumewe. "Baba, weka hapa."

Sipiyu ikatua juu ya kaunta, kioo kikalia.

"Mama, hapa tunauza. Hatutengenezi."

"Sijaleta itengenezwe. Ulimwambia mume wangu kijiti hiki kinaingia kwenye kompyuta yetu. Kompyuta hii hapa, kijiti hiki hapa. Kiingize."

Wateja wakaacha simu zao. Mwenye duka aliguna, akafungua ubavu wa sipiyu, akashusha miwani. Alitazama ndani mara moja tu, na macho yake yakasimama. Alikuwa amejua, na Mama Nembo aliona kwamba amejua. Lakini mtu wa namna hiyo haangushwi na kujua.

"Hii ni ya kizazi cha tatu," alisema. "Mimi nitajuaje kama mzee hakuniambia? Nilimuuliza, kompyuta yenu ni ya siku hizi? Akasema sawasawa. Nikamuuliza, nikupe kizazi cha nne? Akasema sawasawa. Mzee, ulisema au hukusema?"

Duka zima likamgeukia Sawasawa. Mkewe aliiona shingo yake ikianza kule kutikisika anakokufahamu. Akisema sawasawa hapa, basi. Watafunga fundo lao la buluu na kurudi nyumbani kwenye ndege mwenye bawa moja.

"Nilisema," alijibu Sawasawa. "Nilisema na nilikuwa sijui. Sikujua hata hivyo vizazi ni vya nini."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi, akahangaika na pini kwa vidole vyake vinene hadi ikatoka.

"Mke wangu alinipa hii nikuonyeshe. Nikaona haya kuitoa." Hakuwa akimtazama mwenye duka tena. "Jana aliniuliza ni haya ya nini. Si ya karatasi, na si yake yeye. Ni yangu mimi, kwamba watu wataniona sijui. Basi wameniona. Hii hapa."

Aliikunjua pateni juu ya kioo na kuilainisha kwa kiganja. Mwenye duka aliitazama, akapasuka kicheko.

"Hiki ni cha kompyuta ya tembo?"

Mteja mmoja akacheka naye. Mama Nembo hakushusha macho. Miaka yote alikuwa akichekwa na watu waliovaa nguo zilizoshonwa na watu kama yeye, na siku hiyo aliona amechekwa vya kutosha.

"Cheka umalize," alisema. "Huku nje ni akiba ya mshono, ni mazoea ya kazi yangu. Mstari mwekundu ndio kijiti. Sasa angalia."

Alikilaza kijiti kipya ndani ya mstari mwekundu. Urefu ukakaa, kimo kikakaa. Pengo likapita pembeni ya pengo, peupe, hata aliyekuwa mlangoni aliweza kuliona.

"Mama, mimi nauza vitu hivi mwaka wa tisa huu. Sipimi kwa karatasi za kushonea."

"Naona."

Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikuwa upande wa mwenye duka. Mwanamke mmoja kwenye foleni, mwalimu kwa jinsi alivyojieleza baadaye, alifungua mkoba akatoa kijiti cha zamani cha kompyuta ya shule yake na kingine kipya alichokuwa amekuja kudai risiti yake. Akavigusanisha.

"Na mimi hapa," alisema. "Dada, hebu ona. Pengo halikutani."

"Halikutani," Mama Nembo alithibitisha.

Mwenye duka aliacha kucheka. "Cha mwalimu nitakiangalia. Chenu meno yamechubuka, hamwezi kunirudishia kitu kibovu."

"Yamechubuka, na ni sisi tuliochubua, hilo silikatai," alisema Mama Nembo. "Lakini kibovu ni kisichofanya kazi. Hiyo kompyuta yako ya kaunta ni ya kizazi gani?"

Mwenye duka alisita. "Cha nne."

"Kichomeke humo. Kisipowaka, ni chetu, tunafunga mzigo na hutatuona tena. Kikiwaka, unakirudisha rafuni na unatupa cha kizazi cha tatu."

Sawasawa alimshika mkewe kiwiko. Hakukuwa na pesa ya kununua kijiti kingine, wote wawili walijua. Mama Nembo naye aliogopa, lakini alikuwa ameshasema na hakuwa na nia ya kumeza maneno yake mbele ya mtu yule.

Mwenye duka alizima kompyuta yake, akachomoa kijiti chake, akasugua meno ya kile kilichochubuka kwa ufutio wa penseli, akakichomeka. Kikaingia kwa mlio mmoja mdogo, bila nguvu yoyote. Akawasha. Skrini ikabaki nyeusi kwa muda. Kisha maandishi meupe yakashuka, na katikati yake giga nne.

"Imewaka," alisema mwalimu, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari.

Mwenye duka alivuta droo, akapekua, akatoa kijiti chenye vumbi. Mama Nembo alikipokea, akakifuta kwa ncha ya kitambaa cha buluu, akakilaza kwenye mstari mwekundu. Pengo likakaa juu ya pengo.

"Kichomeke, uwashe hapahapa."

Kompyuta yao ikawashwa kwa skrini ya duka, na giga mbili za zamani zikahesabiwa pamoja na nne za sasa, zikawa sita. Hapo tu ndipo Mama Nembo alipoanza kufunga mzigo.

"Hiki kimetumika," aliongeza, akikaza fundo. "Kilichotumika hakiuzwi bei ya kipya. Mpe mume wangu chenji yake."

Mwenye duka alihesabu chenji, akamkabidhi Sawasawa mkononi. Walipokuwa wanageuka aliita, na safari hii alimtazama aliyemkusudia.

"Mama. Hiyo karatasi ungeniachia. Ingenisaidia hapa."

Mama Nembo aliichukua kutoka kwenye kioo, akaikunja mara nne.

"Kata yako," alisema.

*

Adhuhuri ile skrini ilipita pale ilipozoea kuganda. Unyoya wa kwanza wa bawa la kulia ukatokea, ukafuatwa na wa pili, na mama mkwe, aliyekuwa ameacha vifungo vyake na kusogeza kiti karibu, aliwahesabia kwa sauti hadi wa mwisho. Kisha mashine ikaanza. Kila nembo ilichukua robo saa, na mashine haikuzimwa ila kwa kubadili nyuzi. Sawasawa alipasha chakula, alikata nembo zilizokamilika, na kila baada ya muda aliuliza swali.

"Huu uzi wa chini unaitwaje?"

"Uzi wa bobini."

"Nilikuwa sijui," alisema, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Ijumaa saa nane kasoro dakika ishirini walikuwa ofisini kwa afisa ununuzi. Mume alikuwa amebeba boksi, kama kawaida, na mke amebeba mkoba wake. Afisa alichukua nembo ya juu, akaigeuza nyuma na mbele, akapitisha kidole kwenye mabawa. Akachukua ya kati, akachukua ya chini kabisa. Hakupata pa kulalamika, na ilionekana alijaribu.

"Safi sana, fundi," alimwambia Sawasawa, akimnyooshea mkono. "Hapa sasa tunaweza kuongea habari ya sare. Niambie, kwa mwezi mnaweza kutoa ngapi?"

Sawasawa aliuangalia ule mkono. Zamani angeupokea na kusema sawasawa, kazi ya mwaka mzima ingeanza kwa hesabu ya kubahatisha, na mkewe angenyamaza kwa heshima ya nyumba.

"Mimi sijui," alisema, bila kuona haya hata kidogo. "Sijui kushona, sijui kudarizi. Mimi nimebeba boksi. Muulize fundi."

Afisa alibaki na mkono hewani, kisha taratibu akauhamisha. Mama Nembo aliushika kwa nguvu, akavuta kiti bila kukaribishwa, akatoa futi kwenye mkoba na kuiweka mezani kati yao.

"Niletee orodha ya vipimo," alisema. "Halafu nitakwambia ngapi."